Namba sita katika soka: maana yake na jinsi ya kuicheza, hatua kwa hatua

Msimu wa majaribio ukikaribia, maswali huwa yale yale. "Kocha kasema nicheze sita, nisimame wapi?" "Sita na nane zinatofautianaje?" "Mbona Rodri anavaa 16 na mnamwita sita?" Mwongozo huu ni wa anayeanza: kijana wa timu ya mtaani au ya shule, au beki aliyesogezwa katikati ghafla. Ukishajua kucheza nafasi hii bado utajifunza mengi, lakini hapa utapata ya kukutosha kwa mechi kumi za mwanzo.

Sita ni nani hasa

Kwa Tanzania na Kenya, anayesema "fulani anacheza sita" anamaanisha kiungo mkabaji, yule anayesimama mbele ya mabeki wa kati na nyuma ya viungo wenzake. Hesabu nzima inakwenda hivi: 1 kipa, 2 beki wa kulia, 3 beki wa kushoto, 4 na 5 mabeki wa kati, 6 kiungo mkabaji, 7 winga wa kulia, 8 kiungo wa kati anayepanda na kushuka, 9 mshambuliaji wa kati, 10 kiungo mshambuliaji, 11 winga wa kushoto.

Namba hizi ni za kazi, si za jezi. Zamani wachezaji 11 wa kuanza walivaa 1 hadi 11 kwa mpangilio wa uwanjani, kwa hiyo kazi na jezi zilikuwa kitu kimoja. Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza kumpa kila mchezaji namba ya kudumu msimu wa 1993/94, na ligi nyingine zikafanya hivyo, uhusiano huo ulivunjika. N'Golo Kanté alikaba katikati ya Chelsea akiwa na jezi 7 mgongoni. Victor Wanyama wa Kenya alivaa 67 akiwa Celtic ya Scotland. Rodri alishinda Ballon d'Or ya 2024, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, akivaa 16 Manchester City. Wote hao mtu wa Dar es Salaam au Nairobi atawaita sita, na atakuwa sahihi.

Ila usiivushe mpaka namba hii bila maelezo. Brazil wanaposema sita wanamaanisha beki wa kushoto, ndiyo maana Roberto Carlos alivaa 6 timu ya taifa; kiungo mkabaji wao ni namba tano. Argentina pia mkabaji ni tano, na sita ni beki wa kati. Uingereza ya zamani sita alikuwa beki wa kati: Bobby Moore alinyanyua Kombe la Dunia 1966 akiwa na jezi hiyo. Chanzo ni mfumo wa 2-3-5 (mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano), ambapo namba 4, 5 na 6 wote walikuwa mstari wa kati. Kila nchi ilipoongeza mabeki ilimshusha mtu tofauti. Kwa hiyo ukijaza fomu ya majaribio nje ya Afrika Mashariki, andika "kiungo mkabaji" kwanza, namba baadaye.

Tofauti ya sita na nane kwa anayeanza: timu yenu ikishambulia, nane anaruhusiwa kuingia boksi la wapinzani na sita anabaki nyuma ya mpira. Mengine yote yanategemea kocha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kujua mfumo wa timu yako. Katika 4-3-3 kwa kawaida sita ni mmoja na viungo wawili wako mbele yake. Katika 4-2-3-1 mko wawili chini. Katika 4-4-2 unacheza pacha na nane, na mnapokezana kupanda. Katika 3-5-2 una mabeki watatu nyuma yako, hivyo unaweza kutoka mbele zaidi.
- Njumu zinazofaa uwanja wako. Kwenye udongo mgumu na nyasi bandia chukua zenye meno mafupi na mengi. Meno marefu ya chuma ni ya nyasi laini zenye maji. Kwenye udongo mkavu yatakutelezesha na kukuumiza goti.
- Vikinga ugoko. Sheria inavidai, na nafasi hii hupigwa mateke mengi.
- Mpira namba 5, wenye mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mpira uliolegea upepo utakufundisha uzito wa pasi usio sahihi.
- Koni nane, au chupa za maji zenye mchanga. Fulana za rangi mbili. Ukuta imara wa kupigia pasi. Mwenzako mmoja, na ikiwezekana watano.
- Pumzi ya kukimbia dakika 30 mfululizo bila kusimama. Ukikosa hii, anza nayo wiki tatu kabla ya mengine.
- Mguu wa pili unaoweza kupiga pasi ya mita 10 chini chini. Si lazima uwe mzuri, lakini usiwe wa kusimamia tu.

Vipimo vya mita hapa chini ni vya uwanja wa kawaida, mita 105 kwa 68. Uwanja wenu ukiwa mdogo, punguza kwa uwiano.

Hatua za kucheza sita

1. Muulize kocha maswali manne kabla ya mechi. Niko peke yangu chini au tuko wawili? Namba kumi wao ni wangu popote aendapo, au ni wa yeyote aliye karibu? Mabeki wa pembeni wakipanda wote, nani anabaki na mimi? Kwenye kona yetu nabaki au naingia? Sita wengi wanaolaumiwa uwanjani walikuwa wakifanya kazi ambayo hawakuelezwa. Jibu la "cheza tu" si jibu. Uliza tena kwa upole, hata kwa nahodha.

2. Jifunze mahali pa kusimama mpira ukiwa kwa adui. Kila mpira unapohama, chora kichwani mstari kutoka mpira ulipo hadi katikati ya goli lako. Simama juu ya mstari huo, au hatua moja mbili upande wa katikati ya uwanja. Kati yako na mabeki wako wa kati pawe na mita 8 hadi 12 mpira ukiwa katikati ya uwanja, na mita 5 hivi ukikaribia boksi lenu. Mpira ukihama kulia, nawe sogea kulia, lakini usivuke usawa wa ukingo wa boksi isipokuwa beki wako wa pembeni ameachwa na hakuna mwingine wa kusaidia.

Hapo ndipo wanaoanza wanapoharibu: wanaufuata mpira. Sita anayekimbilia kila mpira ni sawa na mlinzi anayeacha geti wazi kumfukuza mwizi wa kuku. Utasifiwa dakika 20 za mwanzo kwa kujituma, kisha wapinzani watagundua kwamba ukivutwa pembeni katikati hamna mtu.

Mambo mawili zaidi ya kukaa kichwani. Beki wako wa kati akitoka kwenda pembeni kufunika, wewe unaingia nafasi yake mara moja na kukaa hapo hadi arudi au mpira utoke. Na winga wao akifika karibu na mstari wa goli, mabeki wako wote watakuwa wanarudi nyuma wakitazama goli; wewe simama, usirudi nao. Kaa kati ya alama ya penalti na mstari wa boksi, yaani mita 11 hadi 16.5 kutoka golini, kwa sababu pasi ya kurudishwa nyuma inatua hapo.

3. Tazama nyuma kabla mpira haujafika. Geuza kichwa upige jicho juu ya bega la kulia, kisha la kushoto, wakati mpira ungali kwa mwenzako. Kisha tazama tena mara moja mpira ukiwa njiani. Unatafuta vitu vitatu tu: mpinzani wa karibu yuko upande gani, nafasi iko wapi, nani wa kwetu yuko huru. Mabeki wanaona uwanja wote mbele yao. Wewe umezungukwa pande zote, na ukisubiri mpira ukufikie ndipo uinue kichwa, umeshachelewa.

Zoezi: simama katikati ya watu wawili walioachana mita 20. Mmoja anakupigia pasi, na aliye nyuma yako anainua fulana ya rangi moja kati ya mbili. Kabla ya kugusa mpira utaje rangi. Piga seti tatu za pasi 12. Ukikosea rangi, pasi hiyo haihesabiwi hata kama ulituliza vizuri.

4. Pokea ukiwa kiubavu. Usimtazame mpigaji kifua kwa kifua. Elekeza mguu mmoja kwake na mwingine kuelekea goli la wapinzani, kisha upokee kwa mguu ulio mbali na mpira. Kwa namna hiyo mguso mmoja unatosha kukugeuza mbele. Ukipokea umempa goli lao mgongo, unahitaji miguso mitatu kugeuka, na wa pili tayari una mtu mgongoni.

Tahadhari: usigeuke kila mara. Kama jicho lako la hatua ya 3 lilikuonyesha mtu chini ya mita 3 nyuma yako, rudisha kwa mguso mmoja kwa aliyekupa na usogee upate pembe mpya. Hakuna aibu kwenye pasi ya kurudi.

5. Piga pasi ya kwanza kwa akili. Kazi ya kupora mpira huonekana, lakini sita wazuri hutofautishwa na wanachofanya sekunde mbili baada ya kupora. Khalid Aucho, Mganda aliyejiunga na Yanga 2021, alipendwa na mashabiki kwa utulivu huo: mpira ukimfikia, presha ya mechi inashuka.

Fuata mpangilio huu wa kuchagua:

a) Je, namba kumi, nane au tisa yuko huru kati ya viungo na mabeki wao? Mpe, chini chini, kwa nguvu kidogo kuliko unavyodhani inahitajika. Pasi laini kupita katikati ya watu ndiyo inayokatwa.

b) Kama hapana, je, upande wa pili wa uwanja umeachwa wazi? Badilisha upande. Kwa anayeanza ni salama zaidi kupitia beki wa kati kwa pasi mbili za chini kuliko kujaribu moja ya mita 40 hewani.

c) Kama hapana, rudisha kwa beki au kipa na uanze upya.

Pasi ya hatari kuliko zote kwako ni ya mlalo, kutoka kwako kwenda kwa kiungo mwenzako mliye naye usawa mmoja, ndani ya nusu yenu. Ikikatwa, mmepitwa wote wawili kwa mpigo na mpinzani ana mabeki wawili tu mbele yake. Ukilazimika kuipiga, hakikisha mwenzako yuko mbele au nyuma yako kwa angalau mita 5, ili mmoja wenu abaki na nafasi ya kurudi.

Na pasi iende mguu gani? Mguu ulio mbali na mpinzani wa mpokeaji. Ukimpa mguu wenye mtu, umempelekea mwenzako matatizo yako.

Miguso: miwili kwa kawaida, mmoja ukiwa na presha, mitatu au zaidi pale tu ambapo hakuna anayekufuata. Usipige chenga mbele ya mabeki wako. Hata ukifanikiwa mara nne, ya tano ni goli.

6. Kaba kwa kuchelewesha. Mpinzani akija na mpira, mkimbilie haraka hadi zibaki mita 2, kisha punguza mwendo kwa hatua fupi. Kunja magoti, simama kiubavu, mwachie njia moja tu: ya kwenda pembeni au kwenye mguu wake dhaifu. Subiri. Utaingia pale mpira unapomtoka mguuni zaidi ya nusu mita, au anapoinamisha kichwa. Kila sekunde unayomchelewesha, wenzako wawili watatu wamerudi.

Usiteleze chini. Beki wa pembeni akiteleza na kukosa, yupo beki wa kati nyuma yake. Wewe ukikosa, anayefuata ni beki wa kati aliye peke yake na mtu anayekuja kasi. Teleza pale tu ambapo mpira unaenda kuingia golini au kutoka nje kwa faida yenu.

Na kukaba si kumgusa mtu kila mara. Mara nyingi kazi yako ni kusimama kwenye njia ya pasi kati ya kiungo wao na mshambuliaji wao, ili pasi isipigwe kabisa. Hakuna atakayekupigia makofi kwa hilo.

7. Jua faulo ya kufanya na ya kuacha. Kuzuia kwa makusudi shambulizi lenye matumaini ni kadi ya njano, na kumzuia mtu mwenye nafasi ya wazi ya kufunga ni nyekundu, isipokuwa mwamuzi akitoa penalti na wewe ulikuwa unaucheza mpira kweli, ambapo hushuka kuwa njano. Makocha wengi watakuambia "mkate mapema". Sawa, lakini kwa masharti: iwe karibu na mstari wa kati, usiwe na njano tayari, na pasiwe na mwenzako anayeweza kumfikia. Faulo ya mita 20 hadi 25 kutoka golini kwenu ni zawadi kwa mpigaji wao. Ukipata njano kabla ya mapumziko, mwambie kocha mwenyewe kwamba mtu mwingine aanze kumbana namba kumi wao.

8. Baki nyuma timu ikipanda. Timu yenu ikiwa kwenye boksi lao, wewe simama mita 20 hadi 30 kutoka golini mwao kama uwanja unaruhusu, katikati, ukimwangalia mshambuliaji wao aliyeachwa mbele. Mpira ukipotea na uko ndani ya mita 5, mvamie mara moja. Sekunde tano za kwanza mpinzani bado hajainua kichwa. Ukiwa mbali zaidi ya hapo, usikimbie kuelekea mpira: rudi katikati, funga njia ya goli, wacha wengine wamsumbue.

Kanuni ya watu: beki mmoja wa pembeni akipanda, sawa. Wakipanda wote wawili, wewe hupandi. Nane naye akipanda, mwite arudi kwa jina.

Nafasi hiyo ya nje ya boksi ina malipo yake. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2023, mpira uliorudishwa nyuma ulimkuta Rodri ndani kidogo ya ukingo wa boksi la Inter na akafunga goli pekee la mechi. Ukiufikia mpira wa aina hiyo, piga chini na kwa usahihi. Ukipiga juu ukagonga ukuta wa mabeki, mpira unaruka mbele na kaunta inaanza huku wewe uko mbali.

9. Wahi mipira ya pili. Kipa akipiga ndefu, watu wawili wataruka kichwa na mpira utaangukia mahali fulani. Usiruke nao kama beki wako yuko pale. Simama mita 5 hadi 8 nyuma ya wanaoruka, upande wa goli lenu, ukiwa umekanyaga kwa vidole. Viwanja vya udongo, ambako mpira unadunda vibaya na pasi ndefu ni nyingi, mechi nzima inaweza kuamuliwa na hatua hii peke yake.

10. Ongea. Maneno mafupi, mapema, kabla mpira haujamfikia mwenzako: "Mtu!" "Geuka!" "Rudisha!" "Panda!" Taja jina kwanza kama mko wengi. Kelele za lawama baada ya kosa hazisaidii chochote.

11. Kona na mipira ya adhabu. Kona dhidi yenu: sita mfupi akae ukingoni mwa boksi kusubiri mpira uliotemwa, mrefu akae nguzo ya karibu au amkabe mtu wao wa kichwa. Kona yenu: uliza. Wanyama aliifungia Celtic kwa kichwa kutokana na kona dhidi ya Barcelona Novemba 2012, lakini alikuwa na kimo na nguvu za hewani. Kama huna, baki nje na mabeki wa pembeni.

Ratiba ya wiki kwa anayeanza

Siku tatu zinatosha kama timu nayo ina mazoezi yake.

Siku ya kwanza ni ya mguso: ukuta, mita 6, pasi 50 kwa kila mguu, kisha zoezi la rangi la hatua ya 3. Maliza na mduara wa watu wanne nje na mmoja ndani, eneo la mita 8 kwa 8, miguso miwili. Kaa katikati dakika mbili, toka, rudia mara tatu. Ukiwa ndani usikimbilie mpira. Mlazimishe mpigaji upande mmoja, kisha uwahi pasi ya pili.

Siku ya pili ni ya mwendo. Weka koni tano zenye umbo la T, kila moja mita 5 kutoka nyingine: tatu zikiwa wima, na mbili kulia na kushoto kwa ile ya juu. Kimbia mbele, enda kiubavu kulia, kushoto, rudi kinyumenyume. Mara nane, pumziko la sekunde 40 kila mara. Halafu mbio za dakika nne kwa kasi ambayo huwezi kuongea sentensi nzima, mara nne, ukitembea dakika tatu kati yake.

Siku ya tatu cheza wanne kwa wanne kwenye eneo la mita 30 kwa 20, wewe ukiwa wa nyuma wa timu yako na ukikatazwa kuvuka mstari wa kati. Katazo hilo linaudhi. Ndilo zoezi lenyewe.

Ukiangalia mechi kwenye televisheni, achana na mpira kwa dakika kumi za kipindi cha pili. Mfuate sita mmoja tu na uhesabu mara anazogeuza kichwa.

Matatizo na tiba zake

*Mpira unanipita kichwani kila mara, sigusi chochote.* Wanapiga ndefu kukuruka. Shuka karibu na mabeki, mita 5 badala ya 10, na uache kupigania mpira wa kwanza. Hatua ya 9 inakuhusu. Kama bado, shida iko mbele: washambuliaji wenu wanawaachia mabeki wao muda wa kulenga.

*Namba kumi wao ananiburuta hadi pembeni.* Ndicho anachotaka. Mfuate mita 10 tu, kisha mkabidhi kwa beki wa pembeni kwa sauti na urudi katikati. Asipopokelewa, ni suala la kumalizana na kocha wakati wa mapumziko.

*Nimewekewa mtu, mabeki hawanipi mpira.* Usisimame ukipunga mkono. Tembea kuelekea pembeni. Akikufuata, katikati kumefunguka na beki wako anaweza kupanda na mpira mwenyewe. Au shuka kati ya mabeki wa kati wawili, nao waachane zaidi. Au badilishana nafasi na nane kwa dakika tano. Njia ya kwanza ndiyo bora kwa timu ya vijana, kwa sababu haihitaji mtu mwingine kuielewa.

*Nachoka dakika ya 60.* Angalia kwanza kama unakimbia ovyo. Sita aliyesimama sawa hukimbia umbali mfupi mara nyingi, na mbio ndefu za kurudi nyuma ni dalili kwamba alikuwa amesimama mbele mno. Kama nafasi yako iko sawa, basi ni pumzi: ongeza siku ya pili ya ratiba.

*Pasi zangu zinakatwa.* Mwombe mtu akupige video ya simu kutoka jukwaani au juu ya kilima. Mara nyingi utaona mwili wako unaelekeza pasi inapokwenda kabla hujaipiga. Elekeza bega upande mwingine, piga kwa upande wa ndani wa mguu. Kama mwili uko sawa, tatizo ni nguvu: pasi inafika kwa kujikokota.

*Napata njano kila mechi.* Unafika umechelewa. Kuchelewa hutokana na kutotazama, au kusimama usawa mmoja na mtu wako badala ya upande wa goli lenu. Rudi hatua ya 2 na ya 3, si hatua ya 6.

*Tuko wawili chini na bado tunapigwa katikati.* Mnapanda pamoja au mnasimama mstari mmoja. Mmoja akienda kwenye mpira, mwingine ashuke mita 5 nyuma yake kwa mshazari. Kubalianeni kabla ya mechi nani ni wa kubaki mnapokuwa na shaka.

*Kocha ananilaumu sishambulii.* Muulize kama anataka sita au nane. Kama anataka nane, basi atafute wa kukaa chini, na wewe usome kazi nyingine.